Madonge Kwenye Sufuria

Siku hizi kila nyumba hupika jua lake. Unanunua pakiti ya vumbi na gesi, unamimina kwenye sufuria, unafunika na kuacha vizunguke vyenyewe. Baada ya wiki moja katikati panashika moto, na jokofu, taa na pasi vyote vinapata umeme.

Langu liliwaka vizuri, nikajisifu kwa majirani. Kisha mama mkwe wangu, Bi Mwanakheri, akaja kututembelea. Hata buibui hajavua, akafunua sufuria yangu.

"We mwanangu! Hili jua ulilikoroga kweli? Mbona limejaa madonge pembeni?"

"Hayo si madonge, mama, ni sayari. Vumbi linalobaki hujikusanya lenyewe."

"Nyumbani kwangu hata uji wa mgonjwa hauna madonge," akasema, akatwaa mwiko. Nilipomshika mkono, alikuwa ameshaponda sayari mbili.

"Hilo la bluu usiliguse, mama! Limeshafanya ukoko, na juu ya ukoko hukaa watu."

"Watu gani, kwenye donge?"

"Kama sisi. Dunia yetu nayo ni donge tu. Aliyepika jua letu hakukoroga, ndiyo maana tupo."

Mwiko ukabaki hewani. Bi Mwanakheri akaitazama dari, akaitazama tena, kisha akafunika sufuria taratibu kama anayefunika mtoto aliyelala.

"Huyo mpishi wetu," akaninong'oneza, "ameolewa?"

"Sijui, mama."

"Basi punguza sauti, mwanangu. Huenda mama mkwe wake yuko sebuleni."