Mashati ya Kwenda Kuona Kima

"Hata kima kipofu atatuona na hayo mashati!" mke alifoka, simu ikiwa bado mkononi.

"Nimeyashona ya manjano makusudi, mama watoto," fundi cherehani alijitetea. Alikuwa amelivaa la kwake tayari, kifua mbele. "Watoto wasipotee msituni."

"Wasipotee wao, wapotee kima? Mwongoza watalii wa huko kanipigia, anasema rangi za kuwaka zinawatimua. Tuvuke maji mpaka kisiwani kwenda kutazama miti?"

Binti yao mdogo, aliyekwisha kuwapa kima majina, alianza kulia.

Fundi alishika ukosi wake. Kila kifungo alikuwa amekishona kwa mkono. Mke akaviona vidole vile vilivyochomwachomwa na sindano, na maneno makali yakamwishia mdomoni.

Boti ilikuwa inaondoka alfajiri.

Mke akabandika sufuria kubwa, akamwaga majani yote ya chai, na maji yalipogeuka meusi akatumbukiza mashati ya watoto.

"Sasa asubuhi tutakunywa nini?" fundi akauliza.

"Mtakamua mashati. Lete na hilo."

Fundi akafungua vifungo kimoja kimoja, akalitumbukiza mwenyewe, akaomba mwiko.