Kibaba cha Mfuto

Simba wa ng'ambo ya mto walipoitawala nchi ya kina Nungu, kila shimo lililipa kodi kibaba cha mtama. Ukaja ukame, kodi ikapungua, hazina ikapwaya. Korongo, mtunza hazina, akawaita wote mbele ya Simba Mkuu.

"Shanga za ng'ambo zimepanda bei," alisema. "Moja tuliipata kwa kibaba, sasa ni kwa viwili. Basi kodi mtatupimia kibaba cha kufurika, nasi ujira wenu wa kulima barabara zetu tutawapimia cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni. Asiyelipa, shimo lake litazibwa."

Nungu miiba ikamsimama. Ghalani alibakiwa na mbegu tu.

"Mtama wangu haujavuka mto hata siku moja! Hizo shanga mnamnunulia nani?"

"Mambo ya fedha huyajui, Bwana Nungu."

"Siyajui, ndiyo maana nauliza. Wewe mshahara wako unalipwa nini?"

Korongo akakohoa. Shanga zikamlia shingoni.

Nungu akamgeukia Simba Mkuu, bahili asiye na mfano. "Bwana Mkubwa, kama shanga ni ghali, huyu za nini? Mlipe mtama kama sisi. Wa mfuto!"

Simba akacheka, akakubali papo hapo.

Asubuhi yake Korongo alipita mashimoni mbio mbio akitangaza: shanga zimeshuka bei usiku, kodi irudi kama zamani, na mishahara ya maofisa pia.

"Ahsante, bwana," alisema Nungu. Kisha akakiomba kile kibaba cha kupimia kodi, akatia mkono ndani kuona kama kina chake bado ni kile kile.