Kabichi ya Nyuma ya Jiko

"Mama zangu, huyu anataka mali yenu iozee shambani! Nileteeni kabichi mbichi niile hapa hapa!" mgombea ubunge alipaza sauti, na watu wa Mgeta wakapiga makofi.

Mtafiti wa kilimo alikuwa ametoka kuwaambia kwamba kabichi zilizopigwa dawa ya wadudu juzi zisiuzwe kwanza, zingoje wiki mbili. Walimzomea. Lori la Dar lilikuwa limeshafika.

Shamba la Leokadia ndilo lililokuwa karibu, kwa hiyo akatumwa yeye. Alipita katikati ya kabichi za kuuza, nono, hazina doa, asikate hata moja. Akazunguka nyuma ya jiko, kwenye tuta la mboga za watoto wake. Hapo, tangu dawa zianze kuuzwa madukani kama chumvi, hakuwahi kunyunyiza hata tone.

Mgombea alitafuna kabichi aliyoletewa, watu wakashangilia. Mtafiti aliyaangalia matundu ya viwavi kwenye majani, kisha akamtazama Leokadia usoni.

"Mama, tupakie?" dereva wa lori aliuliza.

"Pakieni," Leokadia alijibu. Akaichukua kabichi iliyobaki mkononi mwa mgombea, akaenda kuwapikia wanawe.