Kabati Lililojifunga Saa Kumi

Ilipotimu saa kumi jioni, Sista Mwanamvua aliandika "10 jioni" kwenye skrini ya wodi, kuweka saa. Saa ya kompyuta ikasoma saa nne usiku, na kabati la chuma la dawa, lililotegwa kujifunga saa hiyo, likajifunga hadi asubuhi.

"Irudishe, mwanangu," alimwambia Nuhu, aliyeibuni skrini ile.

"Hairudi nyuma, Sista. Niliizuia, wezi wasije wakaidanganya."

"Kwani kwenu saa kumi jioni ni usiku?"

Nuhu akageukia wagonjwa. Kitandani, mzee Shekuwe alikuwa akiuma shuka kwa maumivu.

"Dawa bado, kijana?" aliuliza.

Nuhu akamshika mkono. Kwenye skrini sekunde zilisonga mbele, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja.