Nyumba Isiyokula Umeme

"Toboeni," alisema Nong Teopisto, mkuu wa wakaguzi, na nyundo ikazama ukutani.

Perlita Gumban alifumba macho. Ukuta ule aliupaka rangi kwa mikono yake mwenyewe. Wakaguzi wa shirika la umeme walikuwa wameshapanda nguzo, wamefungua mita, wametambaa darini kama mijusi. Sasa zamu ilikuwa ya plasta. Nje, mtaa mzima ulijazana uani ukitafuna ndizi za kukaanga, kana kwamba umekuja kutazama majogoo wakipigana.

Kosa lake? Bili yake ya umeme ilikuwa ndogo kuliko ya kinyozi mwenye feni moja. Na mtaani pale, bili ndogo ina maana moja tu: umevuta waya wa wizi.

"Nimeshasema, ni nyumba yenyewe," Perlita alilalamika. "Kuta ni mbilimbili, katikati nimeshindilia makapi ya mpunga. Jua halipenyi. Madirisha yanapokea amihan, upepo baridi wa kaskazini, joto linatokea juu, paani. Kiyoyozi cha nini?"

"Na mke wangu naye huniambia anakwenda kusali novena," alijibu Nong Teopisto.

Uani wakaangua kicheko.

Perlita hakucheka. Nyuma ya nyumba hiyo ya mfano zilisimama nyingine za aina ileile, kwenye shamba walilorithi yeye na mdogo wake Arsenio. Mwaka ulikuwa umekatika bila mtu kununua hata moja. Arsenio, baharia, alikuwa njiani kurudi kwa sikukuu ya Santo Niño, Mtoto Yesu, na alishaapa kwamba akizikuta tupu, shamba litauzwa kwa tajiri wa maghala ya saruji na nyumba zibomolewe. "Kizuri chajiuza, Manang," alimtania dada yake kwenye simu. "Chako kinakoroma."

Sasa zikiongezewa na sifa ya wizi, nani angenunua?

Ukuta ukatema makapi. Nong Teopisto akaingiza mkono mpaka kwapani, akapapasa. Uani wakanyoosha shingo. Mkono ukatoka na vumbi, basi.

"Mimi," alisema taratibu, kila sikio likimsikia, "mimi niliyekuta waya ndani ya mguu wa kitanda! Niliyekuta waya ndani ya sanamu ya mtakatifu! Hapa sijaona kitu." Alimkazia Perlita macho kwa muda mrefu, kisha akavua kofia. "Nang Perlita, heshima yako."

Perlita alikimbilia jikoni akalia kwa furaha, uso ndani ya aproni.

Kesho yake, kabla hata hajaziba tundu, alifika Consorcia, muuza samaki, yuleyule aliyekuwa akipaza sauti "Mwizi!" kuliko wote.

"Ile ya pembeni ni yangu, Nang. Usimpe mtu."

"Hutaki kwanza nikueleze inavyofanya kazi?"

"Unieleze nini tena? Nong Teopisto kashakagua."

Baada ya misa ya Jumapili wakaja wengine, na wengine. Perlita alimpa kila mmoja somo lake la makapi, kivuli na upepo. Walimsikiliza kwa adabu, kama watu wanaosubiri padri amalize mahubiri. Kinyozi ndiye pekee aliyeuliza swali.

"Fundi ni yuleyule aliyejenga ya kwako?"

"Yuleyule."

"Na kila kitu ni sawa na kwako?"

"Mpaka msumari."

Kinyozi akashusha pumzi, akatia saini.

Arsenio alipofika na mabegi yake, mapazia yalikuwa yanapepea kwenye kila nyumba isipokuwa moja. Alizunguka shambani mdomo wazi, akarudi kumkumbatia dada yake. "Nisamehe, Manang. Kumbe watu wanapenda kitu cha kweli, ila ni wagumu kuamini."

"Wanahitaji kuthibitishiwa tu," alisema Perlita, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza mwaka mzima.

Alasiri ya sikukuu, ngoma zikirindima barabarani, Nong Teopisto alikuja kuichukua ile ya mwisho. Hakuvaa sare. Alileta sinia la keki za mchele, na mkewe, ambaye alipita moja kwa moja kukagua jiko. Alilipa, akatia saini, akasubiri Arsenio atoke nje. Kisha akafunga mlango polepole.

"Hao wote ni mimi niliyewaleta, Nang," alinong'ona. "Niliwaambia: kama mimi nimeukosa, hakuna atakayeuona."

Akausogelea ukuta, akaupapasa kama mtu anayemsifu farasi.

"Haya, sasa mimi ni mwenye nyumba mwenzako. Nionyeshe: waya umepita wapi?"