Wimbo wa Kisima Kikavu

Afisa wa mipaka alifika jangwani na ramani, mwavuli na kiti cha kukunja, yaani serikali kamili. Alikuja kuamua kisima kilichofukiwa na mchanga ni cha upande gani.

"Alikichimba babu yangu," alisema Darmi.

"Cheti kiko wapi, mama?"

"Babu alichimba kwa mikono miwili, mwanangu. Wa tatu wa kushika cheti hakuwa nao."

Guyo, jirani wa ng'ambo, alicheka. "Basi muite babu aje ashuhudie!"

Darmi akavua ndara, akasimama juu ya mchanga, akaimba wimbo wa ukoo wao wa kunyweshea ngamia; kila ukoo una wake, na huuimba kisimani kwake tu. Hakuwa ameuimba tangu maji yakauke, miaka kumi na miwili.

Katika kundi la Guyo, ngamia jike mzee, aliyetolewa mahari na kaka yake Darmi kabla kisima hakijakauka, aliinua shingo. Akavuka mpaka taratibu, akampita askari wa zamu mpakani bila kuonyesha kitambulisho.

"Rudi, msaliti we!" Guyo alifoka.

Ngamia akatanua miguu ya mbele, akashusha midomo hadi mchangani. Koo lake likaanza kupanda na kushuka, kama la anayekunywa.