Makombo ya Nukta Tatu

Wagonjwa namba kumi na nne na namba thelathini na moja walikuwa na alama sawa za uhitaji, sifuri nukta tatu kila mmoja, lakini jedwali lilimpanga kumi na nne mbele.

Karani wa takwimu alitoa alama moja kwenye nyingine. Haikuja sifuri. Yalikuja makombo, sifuri kumi na sita baada ya nukta ndipo tarakimu. Aliujua ugonjwa huo: kompyuta haiwezi kuandika sehemu ya kumi ikatimia, na ukijumlisha vipande, kitu hubaki. Agizo moja la kukadiria tarakimu, nao wangelingana.

Wakilingana, daktari humchukua aliyesubiri zaidi. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa na nafasi moja tu, na ambaye angeikosa asingeuona mwezi ujao.

Na alijua kumi na nne ni nani: mdogo wake, wa tumbo moja.

Wagonjwa walikatazwa kutaja namba zao. Jana karani alimbana mdogo wake kwa maswali kitandani mpaka akaitaja yake.

"Nakujua, dada. Tangu utotoni ukigawa chakula, nyama kubwa yangu. Hapa kuna wana wa wenzio."

"Nitajie tu, roho yangu itulie."

Mdogo wake alitazama ukutani. "Kumi na nne. Sasa iache hesabu ijiendeshe."

Basi karani aliiacha. Aliona aibu, lakini hakuongeza kitu wala kupunguza; nani wa kumlaumu? Akaichapa orodha.

"Una hakika hawajalingana?" daktari aliuliza. "Mimi naona wote wawili wana sifuri nukta tatu."

"Kompyuta imeona tofauti, daktari."

Daktari alifungua daftari la tarehe. "Masikini, thelathini na moja ndiye aliyetangulia kuliko wote. Wangelingana ningempa yeye." Akatia saini.

Karani alimwonea huruma mtu huyo, huruma ya kweli. Ila damu nzito.

Saa nne alikwenda chumba cha mashine kumpongeza mdogo wake. Mipira ilikwisha kufungwa, damu ikizunguka, na aliyelala pale alikuwa mwanamke asiyemjua.

Alikimbia wodini. Mdogo wake alikuwa kitandani kwake, amevimba uso, anatabasamu. Alichomoa kikaratasi chini ya mto, akamwekea kiganjani.

"Thelathini na moja," alisema. "Nilikudanganya usije ukaichezea hesabu kwa ajili yangu. Na hukuigusa, dada. Asante."